Mtoto na kilebu wasiachwe peke yao

Katika malango ya nyumba nyingi mijini, na siku hizi hata mashambani, hubandikwa kibao chenye maneno mawili: "Mbwa Kali". Walimu wa Kiswahili wamepigana na kibao hicho kwa miaka na mikaka. Wameeleza darasani kwamba mbwa ni kiumbe mwenye uhai, kwamba jina lake limo katika ngeli ya A-WA, na kwamba usemi ulio sahihi ni "mbwa mkali". Wanafunzi wamecheka, wakanakili sahihisho katika madaftari yao, na vibao vikabaki palepale vilipokuwa.

Kosa hilo la sarufi halijamng'ata mtu. Lakini lipo kosa jingine katika kibao hicho, lisiloonekana upesi, nalo ni zito zaidi. Kibao humwonya mpita njia, mchuuzi na mgeni. Hakimwonyi yeyote aliye ndani ya ua. Ilhali ndani ya ua ndimo alimo mtoto wa miaka mitatu asiyejua kusoma, anayekula, kucheza na kulala hatua chache tu kutoka kwa mbwa yuleyule ambaye jirani ameonywa asimkaribie.

Yatupasa kulizungumza jambo hili kwa kuwa ufugaji wa mbwa wa nasaba kubwa umeenea nchini. Zamani mbwa wa kienyeji alitosha kubweka usiku na kufuatana na wachungaji mchana. Leo, kwa kuhofia wezi, jamaa nyingi hutafuta mbwa wenye maumbo makubwa: German Shepherd, ambaye wazee wetu walimzoea kwa jina la Alsatian, Rottweiler, Great Dane, na Boerboel, ambaye asili yake ni Afrika Kusini. Aghalabu huletwa nyumbani wakiwa vilebu, yaani watoto wa mbwa, wenye umri wa majuma manane hivi, wamejikunyata ndani ya katoni, laini kama pamba. Baba amenunua mlinzi. Watoto wanaamini wamenunuliwa mwenzao wa kucheza naye. Kilebu mwenyewe hajui kama yeye ni mlinzi au ni mchezo, na mara nyingi hakuna anayemfundisha.

Hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu, wala kuwashauri waachane na mbwa. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na mtoto anayekua karibu na mnyama anayetunzwa vyema hujifunza huruma na uangalifu. Tunalolisema ni moja tu. Usalama wa mtoto mdogo na kilebu wa nasaba kubwa hautegemei upole wa mbwa, wala hautegemei utiifu wa mtoto. Unategemea mtu mzima aliyepo, anayetazama, na aliye karibu kiasi cha kunyosha mkono akawatenganisha. Asipokuwapo mtu huyo, wawili hao wasiwe mahali pamoja, hata kwa dakika moja.

Watoto wawili, nguvu mbili

Kilebu wa nasaba kubwa ni mtoto mwenye mwili usiolingana na akili yake. Kilebu dume wa German Shepherd huzaliwa akiwa na uzito wa nusu kilo hivi. Afikapo miezi minne huwa na kilo 16 au zaidi, uzito ambao mtoto wa binadamu huufikia akiwa na umri wa miaka minne. Afikapo mwaka mmoja hukaribia au hupita kilo 30. Rottweiler dume aliyekomaa huweza kuzidi kilo 50. Hata hivyo, kukua kwa mwili si kukomaa kwa akili. Mbwa hawa wakubwa huchelewa kukomaa kuliko mbwa wadogo, na wengi huendelea na mambo ya kitoto hadi wafikie umri wa miezi 18 au hata miaka miwili. Basi kwa zaidi ya mwaka mzima, nyumbani huwa mna mnyama mwenye nguvu za mbwa mzima na mawazo ya mtoto mchanga.

Mtoto wa binadamu naye ana upungufu wake. Aliye na miaka miwili au mitatu hupepesuka atembeapo, hupiga mayowe afurahipo, hukimbia bila ya kutazama aendako, hukumbatia kwa nguvu, huvuta mkia na kutia kidole palipo na tundu. Kila mojawapo ya mambo hayo huwa na maana kwa kilebu. Mtoto akikimbia huku akipiga mayowe, kilebu humfukuza, si kwa ubaya, bali kwa sababu kitu kinachokimbia hufukuzwa. Akimfikia humwangusha. Mtoto akianguka hulia na kufurukuta, na kwa kilebu mchezo ndio kwanza umenoga. Tukumbuke pia suala la kimo. Uso wa mtoto mdogo huwa sawa na mdomo wa mbwa mkubwa. Ndiyo maana mtu mzima akiumwa, aghalabu huumwa mkononi au mguuni, ilhali mtoto mdogo huumwa usoni, kichwani na shingoni.

Tena kilebu huchunguza ulimwengu kwa mdomo, kama vile mtoto mchanga atiavyo kila kitu kinywani. Meno yake 28 ya utotoni ni membamba na makali kama sindano. Kuanzia miezi minne hivi meno hayo hung'oka, na mahali pake huota meno 42 ya utu uzima. Wakati huo ufizi humsumbua, naye hutafuna viatu, miguu ya viti, nguo zilizoanikwa na mikono ya watoto. Hafanyi hivyo kwa ukali. Hata hivyo ngozi ya mtoto haibagui kati ya jino la mchezo na jino la hasira.

Wala hatari si ya upande mmoja. Mtoto akimbeba kilebu mchanga na kumwangusha sakafuni, anaweza kumvunja mguu. Akimpanda mgongoni kana kwamba ni punda, humwumiza, kwa kuwa mifupa ya mbwa wa nasaba kubwa huendelea kurefuka hadi mwaka mmoja au mwaka mmoja na nusu. Na kilebu anayeumizwa na mtoto mara kwa mara hujifunza kwamba mtoto ni maumivu. Atalikumbuka funzo hilo atakapokuwa na kilo 40.

Lugha isiyo ya maneno

Baada ya mkasa, husemwa hivi: "Mbwa huyu hajawahi kumwuma mtu. Amebadilika ghafla tu." Ni nadra sana kwa mbwa kubadilika ghafla. Mbwa huonya, tena huonya zaidi ya mara moja. Asipopendezwa, kwanza hugeuza uso. Hujilamba midomo ilhali hakuna chakula. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Weupe wa macho yake huonekana pembeni, masikio hulala nyuma, na mwili hukakamaa. Asiposikizwa, hunguruma. Asiposikizwa tena, huuma. Hata kutikisa mkia si dalili ya furaha kila mara. Mkia uliosimama wima na kutikisika kwa mkazo waweza kuwa onyo.

Mtoto mdogo hana uwezo wa kuisoma lugha hiyo. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza ulionyesha kwamba watoto wa miaka minne, wakitazama picha za mbwa waliokenua meno kwa hasira, mara nyingi hudhani kwamba mbwa hao wanatabasamu. Hebu mwalimu alitafakari jambo hilo. Mtu mzima aonapo meno hurudi nyuma, ilhali mtoto aonapo "tabasamu" husogea mbele ili akumbatie. Kumwambia mtoto wa umri huo "jihadhari na mbwa" na kisha kwenda zako ni kumkabidhi barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, ukatarajia aijibu.

Lipo na kosa jingine linalotendwa na watu wazima wenye nia njema. Kilebu akimngurumia mtoto, hupigwa. Hupigwa ili "akome". Lakini ngurumo ni kengele ya hatari, na anayeivunja kengele hajauzima moto. Kilebu aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza. Hajajifunza kumpenda mtoto. Ifikapo siku ya kukasirika tena, huuma pasipo kutoa sauti, na hapo ndipo watu husema amebadilika ghafla. Linalofaa ni kumwondoa mtoto kwa utulivu, kisha kutafuta kilichomuudhi mnyama: je, alikuwa akila, amelala, mgonjwa, au alivutwa mkia?

Samaki mkunje angali mbichi

Wahenga walitufunza kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na sayansi imewaunga mkono. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliwachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor katika jimbo la Maine, wakachapisha matokeo yao mwaka 1965. Walionyesha kwamba kipo kipindi kifupi katika maisha ya kilebu, kuanzia juma la tatu hadi juma la 12 hivi, ambamo yeye hujifunza ni nani walio jamaa zake na ni nani wa kuogopwa. Kipindi hicho kikishapita, mlango hubaki wazi kidogo tu. Funzo ambalo lingechukua siku chache sasa huhitaji miezi, na mengine hayaingii kabisa.

Je, sisi hukitumiaje kipindi hicho? Kilebu aletwapo akiwa na majuma manane, huwa amebakiza manne hivi. Katika nyumba nyingi, majuma hayo humalizikia ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Kilebu humwona mtu mmoja tu, yule amletee mabaki ya ugali. Watoto wapitapo humchokoza kwa vijiti kupitia wavu na kukimbia wakicheka. Usiku hufunguliwa azunguke uani, na alfajiri hurudishwa gizani. Mwenye nyumba huamini kwamba hivyo ndivyo mlinzi anavyotengenezwa, na ukimshauri vingine hukujibu kwamba mbwa akizoea watoto hatafaa kulinda.

Hoja hiyo imetajwa mara nyingi mno hata ikaonekana kuwa kweli. Si kweli. Mbwa anayekulia kibandani hawi mkali. Huwa mwoga, na mbwa mwoga mwenye kilo 40 ni hatari kwa kila mtu. Woga haubagui. Hautofautishi mwizi aliyeruka ukuta na mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake. Mlinzi mwema ni yule anayewajua watu wake na kuwaamini, na kwa hiyo anaweza kumtambua mgeni. Tuwatazame mbwa wa polisi. Hawafunzwi kwa kufungiwa gizani wala kwa kuchokozwa na watoto. Hufunzwa kutii, na utii wao ndio unaomfanya askari aweze kupita nao katikati ya umati.

Walio upande wa pili nao wasidhani wamenusurika. Wapo wanaomdekeza kilebu kupita kiasi, nao wahenga wamewaambia: ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Kilebu mwenye kilo nane akimrukia mtoto kifuani kwa furaha, watu wote sebuleni hucheka na kuomba arudie. Miezi michache baadaye, ruko lile lile lenye uzito wa kilo 28 humbwaga mtoto kwenye sakafu ya saruji. Kilebu hajabadili tabia. Ameishika barabara tabia tuliyomfunza. Kwa hiyo jambo lolote ambalo hutalivumilia kwa mbwa wa miaka miwili, usilikubali kwa kilebu wa miezi miwili. Atakapo kusalimiwa, afunzwe kuketi kwanza. Asichezeshwe kwa mikono mitupu, bali apewe kitu chake cha kutafuna. Jino likigusa ngozi ya mtu, mchezo ukatishwe papo hapo, bila ya kelele na bila ya kipigo. Na jamaa wote nyumbani watumie maneno yaleyale. Baba akisema "keti", mama akisema "kaa chini" na watoto wakisema neno jingine, anayekosea si kilebu.

Utaratibu wa nyumbani

Mambo yanayowalinda wawili hawa si ya gharama kubwa. La kwanza ni mahali. Kilebu awe na pembe yake iliyozungushiwa uzio mfupi, ambamo mtoto haingii kamwe. Vilebu wachanga huweza kulala saa 18 kwa siku, na aliyeamshwa kwa kuvutwa sikio ana haki ya kukasirika. Seremala yeyote wa mtaani anaweza kutengeneza kijilango cha mbao kwa mabaki ya karakana yake. Mtu mzima akiondoka, iwe ni kugeuza chapati jikoni au kumfungulia mgeni lango, mambo ni mawili: ama aende na mtoto, ama kilebu arudi nyuma ya uzio. Maneno "narudi sasa hivi" yasitumike katika chumba walimo wote wawili.

La pili ni chakula. Kilebu akila, mtoto asimkaribie. Mtoto akila, kilebu awe kwake, kwa maana andazi lililo mkononi mwa mtoto huning'inia mbele ya pua ya mbwa. Kilebu akichukua kiatu au kidoli, mtoto asimnyang'anye. Amwite mtu mzima, naye ampe mnyama kitu kingine kwa kubadilishana, ili asije akajifunza kwamba mikono ya watu ni ya kupora.

La tatu ni mguso. Mtoto aliye chini ya umri wa kwenda shule ya msingi akitaka kumpapasa kilebu, aketi chini, mtu mzima akiwa kando yake. Ampapase kifuani au begani kwa kiganja kilichofunguka, kisha aache kidogo aone kama mnyama atasogea kutaka zaidi. Asimkumbatie shingoni, asimbusu usoni, asimnyanyue wala asimpande. Asikabidhiwe kamba ya kumwongoza njiani. Kilebu mwenye kilo 25 akimwona paka ng'ambo ya barabara, atamburuta mtoto hadi mbele ya matatu.

La nne ni mazoezi. Kilebu mkubwa aliyeshinda amefungwa huwa amejaa nguvu kama chemchemi iliyokanyagwa. Akifunguliwa jioni watoto watokapo shuleni, nguvu zote hizo huwamwagikia wao. Atembezwe kabla hawajafika, ila asikimbizwe masafa marefu kabla ya mifupa yake kukomaa.

La tano huwa halitajwi. Katika nyumba nyingi za mijini, mtu mzima tunayemsema ni yaya. Yeye hukabidhiwa mtoto, jiko, nguo, usafi wa nyumba, na sasa ameongezewa kilebu wa Rottweiler. Ni waajiri wangapi waliomwuliza kama anaogopa mbwa? Ni wangapi waliomwonyesha namna ya kuwatenganisha? Siku ya mkasa hulaumiwa yeye. Huo si uungwana. Anayetaka kununua kilebu ajiulize kwanza: saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, ni nani atakayekuwa akiwatazama hawa wawili, na kazi zake nyingine zitafanywa na nani? Asipopata jawabu, wakati wa kununua haujafika.

Kichaa cha mbwa na minyoo

Hatari ya jino haimaliziki kwenye kidonda. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa wa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa katika Afrika na Asia. Watoto wasiotimiza miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaoumwa na wanaokufa, na takriban binadamu wote wanaoambukizwa huambukizwa na mbwa. Hapa Kenya ugonjwa huu umejulikana kwa zaidi ya karne moja. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa huwa hana tiba ya kumwokoa.

Na bado kifo hicho huzuilika. Mnamo Julai 1885, jijini Paris, Louis Pasteur alimtibu kwa chanjo Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Kwa nini basi, zaidi ya miaka 130 baadaye, watoto wangali wanakufa? Sababu mojawapo ni umaskini na uhaba wa dawa katika vituo vya afya. Sababu nyingine imo nyumbani mwetu. Mtoto aliyeng'atwa huficha kidonda kwa kuogopa kuchapwa, kwani alikatazwa kucheza na mbwa. Au husema, na watu wazima hupuuza kwa kuwa aliyemng'ata ni "kitoto cha mbwa" tu. Kilebu pia huweza kuwa na ugonjwa huo.

Kwa hivyo kila mwanafunzi na ajue haya. Jeraha la mbwa, hata mkwaruzo wa jino, lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe pilipili, mafuta wala majani. Mtoto apelekwe hospitalini siku iyo hiyo, na sindano zote alizoandikiwa zimalizwe, hata kidonda kikionekana kimepona. Kilebu achanjwe afikapo umri wa miezi mitatu hivi, na chanjo irudiwe kila mwaka. Na mtoto asiadhibiwe kamwe kwa kusema kwamba ameng'atwa. Adhabu hiyo yaweza kumfanya anyamaze mara ya pili, na kimya hicho kikamwua.

Minyoo nayo isisahauliwe. Vilebu wengi huzaliwa wakiwa nayo, kwa kuwa huambukizwa na mama yao wangali tumboni. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi, hukaa udongoni, na huingia kinywani mwa mtoto anayechezea mchanga. Katika mwili wa binadamu viluwiluwi vyake huweza kufika kwenye ini, mapafu na hata jichoni. Vilebu huanza kupewa dawa ya minyoo wakiwa na umri wa majuma mawili, kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Kinyesi kizolewe kila siku, na watoto wanawe mikono baada ya kumgusa mnyama. Mbwa wasilishwe matumbo mabichi kutoka machinjioni. Wenzetu wa Turkana wamepata taabu kubwa kwa uvimbe wa ini unaoletwa na tegu wa mbwa, hata shirika la AMREF likaanzisha mpango wa kupambana nao mwaka 1983.

Wajibu wa shule na wa kaunti

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni za mbwa na kusimamia ustawi wa wanyama. Leseni isiwe stakabadhi ya ushuru tu. Mwenye mbwa anapokuja kuitafuta, aonyeshe cheti cha chanjo, na aulizwe kama kuna watoto wadogo nyumbani na wanatengwaje na mnyama. Serikali ya kitaifa ilitoa mkakati wa kuangamiza vifo vya kichaa cha mbwa kati ya 2014 na 2030, ambao nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mwaka 2030 si mbali. Kaunti zisingoje mkurupuko ndipo zitafute dawa. Wanaozalisha na kuuza mbwa nao wakatazwe kuuza vilebu wasiotimiza majuma manane, na wamweleze mnunuzi uzito ambao mnyama atakuwa nao akikomaa. Anayeuza mti hueleza kimo chake.

Walimu tunawatwika mzigo mwingine tukijua kwamba wamekwisha kuelemewa. Hata hivyo hakuna mahali pengine ambapo watoto wa wenye mbwa na wa wasio na mbwa hukutana kila siku. Wapo wazazi ambao kwa sababu za dini au za mapendeleo hawafugi mbwa, lakini watoto wao hukutana na mbwa wa majirani alfajiri waendapo shuleni. Mwalimu wa chekechea anaweza kuufanya mchezo: mbwa akija mbio, tuwe mti, yaani tusimame kimya, mikono ikiwa kando na macho yakitazama chini. Akituangusha, tuwe jiwe: tujikunyate, tufunike shingo na masikio kwa mikono, tusipige mayowe. Dakika kumi kwa juma zatosha. Tarehe 28 Septemba huadhimishwa kote duniani kuwa siku ya kupambana na kichaa cha mbwa. Shule na zimwalike daktari wa mifugo siku hiyo, na walimu wa Kiswahili watoe insha juu ya jambo hili badala ya kurudia ile ya safari ya likizo.

Nawe mwanafunzi wa sekondari, usidhani hili ni la wazazi peke yao. Urudipo nyumbani likizoni, mara nyingi ni wewe unayeachiwa mdogo wako na kilebu wa nyumbani. Kwa saa hizo, mtu mzima ni wewe. Ukienda dukani, nenda na mtoto au mfungie kilebu kwake. Ukitaka kusoma, funga kijilango kwanza. Simu mkononi si kisingizio, kwani jicho lililo kwenye simu halimtazami mtu.

Mikasa ya namna hii itokeapo, husemwa kwa kujifariji kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ina mahali pake, lakini hapa haina. Mwisho wa mkasa huwa mmoja: mtoto hubaki na kovu usoni, mbwa huuawa, na mtu mzima aliyetoka chumbani kwa dakika mbili hubaki na majuto. Wawili wa kwanza hawakuwa na uwezo wa kuuzuia. Wa tatu alikuwa nao. Ndiyo sababu maneno yetu ya leo tumemwelekezea yeye.